Mbiu ya mgambo ndani ya damu

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zamani, katika miji yetu ya pwani, pembe ilipolia vichochoroni watu hawakungoja kuambiwa mara mbili. Mwenye duka alifunga duka, mama aliwaita wanawe ndani, na wengine wakatoka kwenda kusikiliza kuna habari gani. Mpiga mbiu mwenyewe hakuwa askari, wala hakushika upanga. Kazi yake ilikuwa kuwapasha watu habari mapema, ili kila mmoja ajiweke tayari nyumbani kwake.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya mpiga mbiu aliyemo ndani ya damu yako na yangu. Wataalamu wa kinga ya mwili walichukua zaidi ya miaka 40 kumjua barabara. Sauti ya mbiu yake waliisikia mapema. Waliipa jina, wakaitia chupani, wakaiuza, na hapa Afrika Mashariki ikazua tumaini kubwa ambalo wenye umri wa kutosha bado wanalikumbuka. Nami naona kwamba katika pengo hilo, baina ya kuisikia mbiu na kumjua mwenye kuipiga, kuna somo kwa kila mmoja wetu anayenunua gazeti na kusoma kwamba dawa mpya imepatikana.

Kwanza tuelewane juu ya mbiu yenyewe. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli, yaani chembe hai ambazo kwazo miili yetu imejengwa, kisha kiilazimishe seli hiyo ikitengenezee nakala zake. Seli iliyovamiwa hivyo aghalabu hufa. Ila kabla ya kufa huweza kutoa protini iitwayo interferoni. Protini hiyo haikiui kirusi. Huenda kwenye seli jirani na kuzipa habari kwamba adui ameingia mtaani, nazo seli hizo hujitayarisha. Hutengeneza vifaa vya kukatakata maandishi ya urithi ya kirusi, na huwa tayari kusimamisha kazi zao za kila siku, ili adui akifika akute karakana imefungwa. Homa, baridi na maumivu ya viungo tunayoyapata tukishikwa na mafua makali, sehemu yake yatokana na mbiu hiyo, wala si kirusi peke yake. Waliowahi kudungwa sindano za interferoni hospitalini wanalijua hilo, maana sindano huwaletea dalili zile zile za mafua bila ya kirusi chochote cha mafua mwilini.

Kisa cha kugunduliwa kwake kinapita kwetu mara mbili. Mara ya kwanza ni Naivasha. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa hilo nchini Kenya, kondoo walianza kufa kwa maelfu, hasa wanakondoo wachanga. Wachungaji nao wakashikwa na homa. Robert Daubney na wenzake, Hudson na Garnham, waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1931 wakaeleza kwamba unatokana na kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana kabla. Ndio ugonjwa tunaouita homa ya Bonde la Ufa, ambao mpaka leo huturudia mvua zikizidi.

Kirusi hicho cha kondoo kikafika katika maabara za London. Mwaka 1937 watafiti wawili, Findlay na MacCallum, walieleza jambo la ajabu. Walichukua kima wa Asia, ambao homa ya manjano huwaua, wakawatia kirusi cha homa ya manjano pamoja na kile cha Bonde la Ufa. Kwa hesabu ya kawaida mtu angetazamia kwamba magonjwa mawili yangemmaliza mnyama upesi kuliko moja. La hasha! Wengi kati ya kima hao walipona. Kirusi kimoja kilikuwa kimekizuia kingine, ingawa virusi hivyo viwili havina undugu wowote. Wala haikuwa kazi ya chanjo kama tunavyoijua, kwa sababu chanjo huufundisha mwili kumtambua adui yule yule atakaporudi. Hapa mwili ulikuwa umekingwa dhidi ya adui ambaye haukuwahi kumwona.

Kwa miaka 20 hivi wataalamu walilijua jambo hilo bila ya kujua sababu yake. Wengine walidhani kwamba kirusi cha kwanza hukalia kiti na cha pili kikakosa pa kukaa. Mwaka 1954, mjini Tokyo, Wajapani Yasuichi Nagano na Yasuhiko Kojima walikuwa wakifanya kazi na sungura na kirusi cha chanjo ya ndui. Wakaona kwamba katika nyama ya sungura walioambukizwa kulikuwa na kitu kinachozuia kirusi, na kitu hicho hakikuwa kirusi chenyewe. Waliandika habari hiyo kwa Kifaransa, katika jarida la Paris, na wengi hawakuitilia maanani.

Miaka mitatu baadaye, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, Alick Isaacs, Mskochi, na Jean Lindenmann, kijana kutoka Uswisi, walichukua ngozi nyembamba iliyomo ndani ya yai la kuku lenye kifaranga. Waliilowesha katika maji yenye virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye waliitoa ngozi hiyo, wakatia ngozi nyingine mpya katika maji yale yale, kisha wakaishambulia kwa virusi vilivyo hai. Virusi havikustawi. Basi ngozi ya kwanza ilikuwa imeacha kitu ndani ya maji, na kitu hicho kimeipasha habari ngozi ya pili. Wakakiita interferoni, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuingilia kati. Huo ulikuwa mwaka 1957.

Usidhani walipigiwa vigelegele. Wako wanasayansi waliodhihaki, wakakibandika kitu hicho jina la utani lenye maana ya tafsiri mbaya. Kilikuwa kidogo mno, hakikuweza kusafishwa, na maabara nyingine zilishindwa kukipata. Isaacs alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 45 tu, kabla mtu yeyote hajaweza kuipata interferoni iliyo safi.

Tatizo jingine ni kwamba interferoni ya kuku humfaa kuku. Ya binadamu, kwa sehemu kubwa, lazima itoke kwa binadamu. Mfini mmoja, Kari Cantell wa Helsinki, ndiye aliyepata njia. Alichukua seli nyeupe za damu iliyotolewa na wananchi kwa Msalaba Mwekundu wa Finland, seli ambazo vinginevyo zingetupwa, akazichokoza kwa kirusi fulani cha panya, kisha akakusanya zilichotoa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya interferoni ya binadamu iliyotumika duniani ilitoka kwake, na hata hiyo, interferoni halisi haikuzidi asilimia 1 ya kilichokuwamo chupani.

Lakini chupa hizo chache zilitosha kuwasha moto wa matumaini. Mjini Stockholm daktari Hans Strander alikuwa akiwapa interferoni wagonjwa wa saratani ya mifupa. Mwaka 1978 chama cha saratani cha Marekani kilitenga dola milioni 2 kwa ajili ya kuinunua na kuijaribu. Januari mwaka 1980 ikatangazwa kwamba Charles Weissmann wa Zurich na wenzake wamefaulu kuzifanya bakteria zitengeneze interferoni ya binadamu, na miezi miwili baadaye jarida la Time likaiweka kwenye jalada lake kama tumaini la tiba ya saratani. Bei za hisa zikapanda. Wagonjwa wakapiga simu kila mahali wakiiomba.

Ilipopatikana kwa wingi, ikaonekana kwamba si muujiza. Mwaka 1986 iliruhusiwa Marekani kwa saratani moja ya damu isiyotokea mara kwa mara, na baadaye ikawafaa wagonjwa wengi wa homa ya ini ya aina ya B na C. Ni dawa ya kweli, yenye faida zake na mateso yake. Lakini ile saratani iliyoambiwa kwamba mwisho wake umefika, ilibaki.

Hapo ndipo kisa kinaporudi kwetu mara ya pili, nacho kinakuja na machungu. Mwaka 1990 UKIMWI ulikuwa ukitumaliza. Dawa ya AZT ilikuwapo tangu mwaka 1987, lakini bei yake ilikuwa ya watu wa mbali, tena peke yake haikutosha. Mjini Nairobi, watafiti wa taasisi ya KEMRI wakiongozwa na Davy Koech, pamoja na Arthur Obel, walisema wamepata tiba waliyoiita Kemron. Ilikuwa ni interferoni, na wazo lake lilitoka kwa daktari wa mifugo wa Texas, Joseph Cummins, aliyekuwa ameijaribu kwa wanyama kwa kiasi kidogo sana, kupitia mdomoni. Wagonjwa wa homa ya ini walikuwa wakidungwa uniti milioni kadhaa kwa sindano moja. Kemron ilikuwa uniti 2 tu kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, zikiyeyushwa mdomoni. Watafiti walisema kwamba wagonjwa walirudiwa na nguvu, na kwamba wengine vipimo vyao havikuonyesha tena dalili ya kirusi. Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi akaizindua hadharani.

Nakumbuka jinsi jina hilo lilivyotamkwa. Kwa wengine lilikuwa fahari: Mwafrika ameponya ugonjwa ambao wakubwa wa dunia wameushindwa, tena ugonjwa ambao wengine wao walikuwa wakitusingizia kwamba ni wetu. Kwa wengine lilikuwa swali la minong'ono, la bei na la mahali pa kuipata, kwa ajili ya ndugu aliyelala ndani. Hata Marekani, miongoni mwa watu weusi, wako waliodai kwa sauti kwamba Kemron inapuuzwa kwa sababu imetoka Afrika. Madai hayo hayakutoka hewani. Mtu aliyedharauliwa miaka nenda miaka rudi ana haki ya kuuliza kwa nini anadharauliwa tena.

Lakini kulikuwa na swali lililotangulia fahari, nalo halikupata jibu: wagonjwa hawa walilinganishwa na nani? Katika utafiti wa mwanzo, wa wagonjwa 40, hapakuwa na kundi jingine lililopewa kidonge kisicho na dawa ili tofauti ionekane. Mgonjwa wa UKIMWI ana siku za nafuu na siku za kuzidiwa. Akipewa chakula, uangalizi na tumaini, hupata nafuu kwa muda hata bila ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba Kemron bado ni jambo la kujaribiwa. Majaribio yakafanywa, na lililo kubwa zaidi katika ukanda wetu lilifanywa Uganda na madaktari wa Uganda wenyewe, akina Elly Katabira na Nelson Sewankambo, kwa wagonjwa zaidi ya 500. Nusu walipewa interferoni ya mdomoni, nusu kidonge kitupu, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikuwa wazi: hapakuwa na tofauti.

Naomba tulitaje hilo kwa sauti ile ile tuliyoitajia Kemron, kwa sababu nalo ni kazi ya Waafrika, nalo ni fahari. Waliotuambia kwamba dawa haifai ni watu waliokuwa wakiwazika wagonjwa wao wenyewe, na ambao wangefurahi kuliko mtu yeyote kama ingefaa.

Sasa turudi kwa mpiga mbiu, maana mpaka hapa hatujamtaja kwa sura. Mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya interferoni kupewa jina, Mjerumani Karl Lennert na mwenzake walieleza juu ya seli fulani walizoziona katika matezi ya binadamu. Zilifanana na seli zinazotengeneza kingamwili, lakini hazikutengeneza kingamwili. Kwa miaka mingi zilibadilishiwa majina kila mtu alivyodhania ukoo wake, na kazi yake haikujulikana. Huku, katika maabara nyingine, watafiti wa Sweden na Marekani walikuwa wakiona tangu mwisho wa miaka ya 1970 kwamba katika damu kuna seli chache mno zinazotoa interferoni kwa wingi zikikutana na virusi. Hao walikuwa na kazi bila ya sura. Wale wa matezi walikuwa na sura bila ya kazi. Walikuwa kama majirani wawili, mmoja anasikia pembe kila usiku na mwingine anamwona mtu akipita kila asubuhi, wala hawajawahi kuulizana.

Mwaka 1999 ndipo habari hizo mbili zilipokutana. Timu ya Frederick Siegal na Yong-Jun Liu, nchini Marekani, na timu ya Marina Cella na Marco Colonna, mjini Basel, zilionyesha kwamba seli zile za matezi na zile za damu ni zile zile. Wataalamu huziita dendritiki plazmasitoidi. Mimi naziita wapiga mbiu. Hazifiki hata 1 katika kila 100 ya kundi la seli nyeupe zinamotolewa, lakini kila moja hutoa interferoni mara 200 hadi 1,000 zaidi ya seli nyingine za damu. Tena si lazima zishambuliwe. Hukimeza kirusi, husoma maandishi yake ya urithi ndani ya mfuko maalumu, na zikitambua kwamba ni ya adui, hupiga mbiu kwa nguvu zao zote.

Na hapa pana jambo linalonigusa. Siegal alikuwa daktari wa wagonjwa wa UKIMWI mjini New York. Yeye na wenzake waliona tangu miaka ya 1980 kwamba wagonjwa waliokuwa wakivamiwa na maradhi nyemelezi ni wale ambao damu yao ilikuwa imepoteza uwezo wa kutoa interferoni. Wapiga mbiu wao walikuwa wametoweka. Kwa hiyo waliotazama interferoni wakatumaini kwamba inaweza kuwa tiba ya UKIMWI hawakuwa wajinga. Walikuwa wameuona mlango wa kweli. Walichokosea ni kutangaza kwamba wameshaingia ndani.

Maana ndani ya nyumba mambo yalikuwa magumu kuliko walivyodhani. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha wanyama wa aina mbili. Tumbili wa Afrika huishi na kirusi kilicho ndugu wa kirusi cha UKIMWI bila ya kuugua. Kima wa Asia wakiambukizwa kirusi cha jamii hiyo huugua na kufa. Mtu angedhani kwamba tumbili hupiga mbiu zaidi. Kumbe wote huipiga kwa nguvu siku za mwanzo, ila tumbili huinyamazisha baada ya wiki chache, na kwa kima huendelea kulia bila kukoma, mpaka mji mzima umechoka kwa kukesha. Pembe isiyonyamaza nayo ni maradhi. Katika ugonjwa wa lupasi, mwili hupiga mbiu hata pasipo adui, na viungo vyake vikaumia.

Kinyume chake tulikiona wakati wa korona. Mwaka 2020 timu ya Jean-Laurent Casanova na wenzake wa nchi nyingi iliwachunguza wagonjwa 987 waliozidiwa na kichomi cha korona. Wagonjwa 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoizuia interferoni yao wenyewe, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Mbiu ilipigwa lakini mtu wa nyumbani aliiziba pembe. Adui akaingia watu wamelala.

Basi iwapo kuna aliyeuliza mwaka 1990 kama interferoni ni nzuri au mbaya, swali lenyewe halikuwa limekamilika. Nzuri lini? Kwa kiasi gani? Ikipigwa na nani, na ikinyamaza saa ngapi? Mwili una majibu ya maswali hayo, na sisi bado tunajifunza.

Mwaka 1996 zilipatikana dawa za kuchanganya zinazokizuia kirusi cha UKIMWI, na katika miaka ya 2000 zikaanza kuwafikia watu wengi wa nchi zetu. Hazikuletwa na shangwe za siku moja. Zililetwa na majaribio kama lile la Kampala, ya kulinganisha kundi na kundi, kidonge na kidonge, bila ya kumpendelea mtu. Wapo waliokufa kabla hazijafika, mikononi mwao wakiwa wameshika Kemron. Sina la kuwalaumu. Mfa maji haachi kutapatapa, wala mwenye mgonjwa hasemwi.

Lakini sisi tulio wazima tunaweza kuwafanyia jambo moja. Siku mbiu ya dawa mpya itakapopigwa tena, iwe ni Nairobi, Dar es Salaam au Madagaska, tutoke nje tukasikilize kama walivyofanya wazee wetu, na tumuulize anayeipiga ni nani waliopewa dawa, ni nani ambao hawakupewa, na baina yao pametokea tofauti gani. Mwenye dawa ya kweli hatachukizwa na swali hilo. Atakuwa amekuja na jibu lake mfukoni.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.